Je, Tabora imelaaniwa? Manabii, pembe za ndovu na njia ya misafara

Najua nimekuwa kimya, si unajua tena mambo ya mitihani. Leo nina jambo refu kidogo, kwa hiyo kama una chai iweke karibu.

Kuna maneno yanazunguka hapa chuoni. Yameanzia kwenye maombi ya jioni, yakaja vimbwetani, sasa yamefika mpaka kantini. Yanasema hivi: mikoa ya magharibi, yaani Tabora na Kigoma, imebaki nyuma kwa sababu ya laana. Njia ya watumwa ilipita kule, damu ikamwagika, Mungu akaihukumu ardhi ile, na mpaka leo watoto wa kule wanalipa deni. Dawa yake, eti, ni kwenda kufunga na kuomba chini ya ile miembe ya zamani, kuvunja maagano ya mababu, halafu neema itafunguka. Wanaosema hivyo wana Biblia mkononi na wanawataja manabii kwa majina.

Mimi ni mtoto wa Tabora, nimelelewa kwa michembe na matobolwa, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Lakini sitaki kulijibu kwa jazba. Nasoma historia, basi nimeweka vitu viwili mezani pamoja: habari za njia ya misafara, na vile vitabu vya manabii ambavyo wengi tunavitaja na wachache tunavisoma mpaka mwisho. Nilichokiona ni kwamba manabii wana neno kweli kwa njia ile, tena kali kuliko la wahubiri wetu. Ila linamwangukia mtu mwingine kabisa, siyo huyu anayeambiwa amelaaniwa.

NJIA YENYEWE

Njia ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikavuka Ugogo kwenye shida ya maji na hongo za watemi, ikaingia Unyamwezi. Kwa msafara wa kawaida huo ulikuwa mwendo kama wa miezi mitatu. Tabora, au Unyanyembe kama walivyoiita wasafiri wengi, ilikua kuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kuanzia miaka ya 1850. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta wenyeji wao wana nyumba, bustani na watumwa. Kutoka hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, nyingine kaskazini Karagwe na Buganda, nyingine kusini.

Bidhaa kubwa ilikuwa pembe za ndovu. Hapa kuna picha tuliyoizoea tangu shule ya msingi: mtumwa ana mnyororo shingoni na pembe begani, kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Mambo hayo yalitokea, hakuna wa kubisha. Lakini wanahistoria waliochunguza njia hii ya kati wanaonyesha kwamba wapagazi wengi walikuwa watu huru, Wanyamwezi hasa, waliolipwa kwa nguo, shanga na waya. Upagazi ulikuwa kazi ya heshima. Kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto.

Sasa watumwa je? Wengi waliotoka Manyema na kandokando ya Ziwa Tanganyika hawakufika pwani kabisa. Waliishia Unyamwezi. Wanaume wakiwa safarini miezi na miezi, mashamba yalihitaji mikono, na faida ya pembe ikanunua mikono hiyo. Waarabu wa Tabora walikuwa na watumwa. Watemi walikuwa nao. Hata mpagazi aliyefanikiwa aliweza kurudi nyumbani na kununua mtu.

Jamani, hili si tamu kuliandika. Tumezoea kusimulia kana kwamba babu zetu walisimama pembeni wakiangalia misafara ya wengine ikipita. Hapana. Kulikuwa na Mnyamwezi aliyeuzwa, Mnyamwezi aliyebeba mzigo kwa ujira wake, na Mnyamwezi aliyenunua. Ukitaka kuongelea hukumu ya Mungu juu ya njia ile, lazima kwanza ukubali kwamba wote watatu walikuwepo.

AMOSI NA VITANDA VYA PEMBE

Haya, tufungue Biblia. Amosi alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu kutoka Tekoa, karne ya 8 kabla ya Kristo. Anaanza kitabu chake kwa kuwahukumu majirani mmoja mmoja. Akifika kwa Gaza na Tiro, shtaka ni moja: wamechukua watu, jamii nzima, wakawakabidhi kwa Edomu. Yaani kabla hajasema lolote kuhusu ibada au sanamu, nabii huyu anashtaki misafara ya mateka.

Wasikilizaji wake kule Israeli ya kaskazini lazima walikuwa wanaitikia amina. Nani asiyependa kusikia jirani anahukumiwa? Halafu Amosi anageuka. Baada ya majirani wote anafika kwao: nyinyi nanyi mnauza mtu mwadilifu kwa fedha, na maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Mbele kidogo, sura ya 3 na ya 6, anataja nyumba za pembe na vitanda vya pembe ambavyo wakubwa wanajinyoosha juu yake. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua Samaria karne ya 20 walikuta vipande vingi vya pembe vilivyochongwa kwa ustadi. Jamaa hakuwa anatia chumvi.

Pembe na watu. Angalia jinsi vitu hivi viwili vinavyoandamana. Ezekieli sura ya 27 anaorodhesha bidhaa za soko la Tiro: wamo wanadamu, na mistari miwili mbele zipo pembe. Ufunuo sura ya 18 inaorodhesha shehena ya Babeli: dhahabu, vitambaa, vyombo vya pembe, viungo, ng'ombe, farasi, na mwisho kabisa wa orodha, roho za wanadamu. Babeli ikianguka, wafanyabiashara wanalia. Hawawalilii watu waliouzwa. Wanalia kwa sababu mzigo wao hauna mnunuzi tena.

Sasa jiulize, Babeli ya njia yetu ilikuwa wapi? Wengi wanajibu haraka: Zanzibar. Ni kweli, lakini ni nusu ya jibu. Pembe zikitoka Zanzibar zilikwenda Bombay, zikaenda London, zikaenda jimbo la Connecticut kule Marekani, ambako kulikuwa na viwanda vya kuzikata kuwa vibao vya piano. Na ile nguo iliyolipa mishahara ya wapagazi iliitwaje? Amerikani. Ilikuja kwa meli kutoka Massachusetts, ikafumwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Kumbe mpagazi huru wa Tabora alivaa jasho la mtumwa wa ng'ambo asiyemjua, na binti wa mchungaji kule Connecticut alipiga nyimbo za kanisani juu ya pembe iliyopita Tabora. Amosi angepata kazi kubwa.

Ndiyo maana sikubali pia yale mahubiri yanayoishia kwa Waarabu peke yao, halafu msikilizaji Mkristo anarudi bwenini akiwa safi. Huo ni mwanzo tu wa hotuba ya Amosi. Anayeishia hapo amefunga kitabu kabla ya zamu yake.

TOBA NI KURUDI

Neno la Kiebrania ambalo manabii wanalitumia kwa kutubu maana yake ni kugeuka, kurudi. Na neno letu toba, tulilolipata kwa Kiarabu, lina maana hiyohiyo ya kurudi. Kwa watu wa njia ya misafara hii ni lugha rahisi kuelewa. Mtu anatembea kuelekea upande fulani, anaambiwa huko ni kifo, anageuza miguu. Machozi yanaweza kuwepo au yasiwepo.

Ninawi ndiyo mfano mkubwa. Yona anafika, anahubiri hukumu bila hata kuahidi msamaha, na mji unageuka. Mfalme anavaa magunia, hata wanyama wanavalishwa magunia, lakini amri yenyewe ina kiini: kila mtu aache udhalimu ulio mikononi mwake. Mikononi! Na hukumu haikuja. Yona akakasirika kwa sababu utabiri wake haukutimia, na hapo ndipo kitabu kinatufundisha utabiri wa hukumu ni wa nini. Yeremia sura ya 18, kwenye ule mfano wa mfinyanzi, anaiweka kama kanuni: Mungu akitamka maangamizi juu ya taifa, nalo likageuka, naye anayaacha. Nabii anafanana na mtu anayepiga kelele kwamba daraja limekatika. Basi likisimama, hakuna anayemwita mwongo.

Rafiki zangu Waislamu wanamjua mtu huyuhuyu kwa jina la Yunus, na sura ya 10 ya Qurani inawataja watu wake kuwa ndio walioamini baada ya kuonywa na imani ikawafaa. Na kumwacha mtumwa huru ni kafara inayojulikana vizuri katika Uislamu. Kwa hiyo pale Tabora penye misikiti na makanisa, hakuna aliyekosa kitabu cha kumwambia afanye nini.

Ila kuna sura moja ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa hapa chuoni, nayo ndiyo imenifanya niandike. Yeremia 34. Yerusalemu imezingirwa na Nebukadreza. Mfalme Sedekia anafanya agano na wakubwa wa mji kwamba kila mtu awaache huru watumwa wake Waebrania. Wanakubali, wanawaachia. Baadaye jeshi la Misri linakaribia, Wakaldayo wanaondoka kwa muda, hali inatulia. Wale mabwana wanafanya nini? Wanawakamata tena watumwa walewale. Hapo Yeremia analeta moja ya hukumu kali kuliko zote katika kitabu chake: hamkutangaza uhuru, basi nami nitatangaza uhuru wenu, wa kuangukia upanga, tauni na njaa.

Toba iliyosainiwa chini ya shinikizo, ikafutwa shinikizo lilipoondoka. Soma sasa historia yetu. Mwaka 1822 mkataba kati ya Waingereza na Seyyid Said unazuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo. Biashara inaendelea. Mwaka 1845 mkataba mwingine unazuia kuwapeleka Arabuni. Inaendelea. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa ametishiwa kuzingirwa na manowari za Kiingereza, anasaini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar na kuzuia kuwasafirisha baharini. Soko likafungwa kweli, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana pale pale. Lakini bahari ilipofungwa, watumwa wakapitishwa nchi kavu kando ya pwani, mpaka mwaka 1876 ikabidi zitolewe amri nyingine za kuzuia misafara ya nchi kavu. Na huku bara, kwenye mashamba ya Unyanyembe, aliyekuwa mtumwa alibaki mtumwa.

Wajerumani wakaja. Walikataza biashara ya watumwa lakini utumwa wenyewe wakauacha. Amri ya mwaka 1904 ikasema watoto wa watumwa watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Mama yake? Abaki. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika nzima ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Kutoka 1873 mpaka 1922 ni miaka 49. Saba mara saba. Kitabu cha Walawi kinasema baada ya miaka hiyo lipigwe baragumu la yubile na watu watangaziwe uhuru. Sisemi kwamba kuna siri ya namba hapa, msije mkanifungulia kanisa. Nasema tu kwamba binti aliyekuwa shambani Unyanyembe mwaka 1873, akiwa na miaka 15, alikuwa na 64 sheria ilipomtambua kuwa mtu huru, kama alikuwa bado hai.

NABII NAYE AKAGULIWE

Hapa wengi watamtaja Livingstone. Sawa, tumtaje, maana alikaa kwetu. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, Manyema, watu wa wafanyabiashara walipofyatua risasi sokoni. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza vyakula, na makadirio ya wakati ule ni zaidi ya watu 300, wengi wakizama mtoni. Livingstone akashindwa kuendelea mbele na watu wale. Akageuka, akarudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta, na mwanzoni mwa 1872 wakafika wote Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Stanley akaondoka Machi. Mzee akabaki kwenye tembe mpaka Agosti akisubiri wapagazi na vifaa. Hapo ndipo, Mei 1872, alipoandika barua kwa gazeti la New York Herald akiiita biashara ile kidonda cha dunia kilicho wazi. Maneno ya barua hiyo yamechongwa kwenye kaburi lake Westminster Abbey. Kwa hiyo moja ya sauti zilizosikika sana dhidi ya utumwa ilitokea kwenye nyumba ya udongo ya Kwihara.

Lakini kuna upande wa pili. Kule Nyangwe karatasi zilimwishia, akaandika kwa wino wa kienyeji juu ya magazeti ya zamani, na kwa zaidi ya miaka 100 maandishi yale hayakusomeka vizuri. Wataalamu wakayapiga picha kwa mwanga wa aina mbalimbali, na mwaka 2011 wakayatoa. Ikaonekana kwamba alichoandika siku zile kinatofautiana na alichokinakili baadaye kwenye daftari kubwa ambalo wasomi wanaliita Jarida la Unyanyembe. Habari za ukorofi wa watu wake mwenyewe, watumwa aliokuwa ametumiwa kutoka Zanzibar wamfanyie kazi, zilipunguzwa makali. Kuna mashaka hata kama baadhi yao hawakushiriki katika mauaji yale.

Sisemi hivi kumchafua marehemu. Alipogeuza miguu pale Nyangwe alifanya toba kwa maana ya manabii. Lakini naye alikula kwa wafanyabiashara wale, alisafiri chini ya ulinzi wao, na alihudumiwa na watumwa. Isaya kabla ya kutumwa alisema kwanza kwamba yeye mwenyewe ana midomo michafu. Mwonyaji hayuko nje ya onyo.

FIMBO YA ASHURU

Swali lingine linalokuja ni hili: je, ukoloni ulikuwa hukumu ya Mungu juu ya utumwa? Kuna wamisionari wa zamani walioliona hivyo. Isaya sura ya 10 ina jibu la kushangaza. Anasema Ashuru ni fimbo mkononi mwa Mungu, imetumwa kuadhibu. Halafu hapohapo anasema fimbo yenyewe ina kiburi, inadhani inapiga kwa nguvu zake, nayo itachomwa moto.

Januari 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni 2, kwa maelezo kwamba ni za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Tazama jinsi malengo hayo mawili yalivyowekwa kwenye mfuko mmoja. Januari 1893 jeshi la fedha hizo, chini ya Tom von Prince, lilivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike aliona afadhali ailipue baruti kuliko kukamatwa mzima. Alikuwa shujaa, nasi tunajivunia. Alikuwa pia mtemi aliyetajirika kwa kodi ya misafara. Yote mawili ni kweli.

Na fimbo? Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Tabora ilikuwa makao ya serikali ya Kijerumani iliyokuwa inakimbia, na tarehe 19 Wabelgiji wakaiteka. Miezi michache kabla, kwenye karakana ya reli ya Tabora, Wajerumani walikuwa wametengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke. Unajua waliweka picha gani? Tembo. Utawala uliokuja kwa jina la kufuta biashara ya watumwa uliaga Tabora ukiwa na tembo kwenye dhahabu, na watumwa bado mashambani.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nguvu fulani ya dunia ilikuwa mkono wa Mungu, nitakujibu kama Isaya: hata ikiwa hivyo, haiwi na haki kwa sababu hiyo.

NANI ATUBU?

Narudi kwenye ile laana. Wahubiri wana mstari wao: Kutoka sura ya 20, uovu wa baba kupatilizwa kwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Upo, na una nyongeza yake, kwamba ni kwa hao wanaomchukia Mungu. Lakini watu wa siku za Ezekieli waliugeuza kuwa methali ya zabibu chungu: baba wamekula, meno ya watoto ndiyo yenye ganzi. Ezekieli sura ya 18 nzima imeandikwa kuifuta methali hiyo. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Anayetenda dhambi ndiye anayewajibika. Na mwovu akigeuka ataishi, kwa kuwa Mungu hafurahii kifo chake. Sura ya 33 inaeleza kugeuka kunafananaje: arudishe rehani, alipe alichonyang'anya. Hakuna mwembe wala udongo wa kuchota.

Halafu fikiria nani anaumizwa na habari hii ya laana. Tabora na Ujiji kuna familia ambazo bibi wa bibi yao aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto. Mpaka leo ukigombana na mtu unaweza kutupiwa neno "mtumwa", na ukoo wako ukakaguliwa wakati wa posa. Sasa mtu huyohuyo anaambiwa ardhi yake ina laana ya utumwa, naye atoe sadaka ya kujifungua. Yaani aliyeuzwa ndiye atubu! Wale waliopiga piano hawamo kwenye orodha ya maombi. Manabii wakisikia hivyo sijui wataanzia wapi kurarua nguo.

Na ukitaka kujua kwa nini magharibi ilibaki nyuma, historia ina majibu ambayo hayahitaji mapepo. Wakoloni waliifanya sehemu kubwa ya magharibi, Kigoma hasa, kuwa ghala la vibarua. Vijana wakaandikishwa manamba, wakapelekwa kukata mkonge Tanga na Morogoro, nguvu zao zikajenga kwingine. Hilo nalo ni dhambi yenye wenyewe. Unaweza kulidai, unaweza kulirekebisha kwa barabara, shule na bajeti. Ukiliita laana, hakuna wa kuulizwa.

Kama kweli tunataka kutubu kwa ajili ya njia ile, basi tuangalie mikono ya leo. Idadi ya tembo wa Tanzania ilishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, na pembe zilikuwa zinapita bandari hizihizi kwenda kwa wanunuzi wa mbali. Tangu miaka ya 2007 na 2008 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kanda ya ziwa na magharibi, viungo vyao vikipangiwa bei, miili ya watu ikawa bidhaa kabisa. Watoto wametumikishwa kwenye mashamba ya tumbaku Urambo badala ya kuwa darasani. Na tusiende mbali, wangapi kati yetu nyumbani kuna binti wa kazi aliyechukuliwa kijijini akiwa na miaka 13, mshahara wake "anawekewa", na hakuna anayejua umewekwa wapi?

Isaya 58 inasema mfungo anaoutaka Mungu ni kufungua vifungo vya uovu na kuwaacha huru walioonewa. Kwa hiyo ndugu zangu wa maombi ya jioni, mkipanga safari ya Tabora mimi nipo, nitawapeleka mpaka Kwihara na chakula kitakuwepo. Ila kabla hatujapanda treni kila mtu apige simu nyumbani amuulize mama: yule dada, mshahara wake wa miezi hii uko wapi? Tukishapata jibu, tutajua tufunge kwa ajili ya nini.

Nawasilisha. Anayebisha aje na sura na mstari, nipo kimbweta cha tatu kila jioni.